Muheza hadi Liuli na kurudi: siku 20 za wastaafu wawili na kiroba cha machungwa

Tumerudi wiki tatu sasa. Naandika nikiwa barazani, daftari la matumizi mapajani na simu ya Baba Asha yenye picha pembeni. Pale ambapo daftari na picha vinabishana nimefuata picha, maana simu inaandika saa yenyewe, na mimi kuna kurasa niliandika huku nasinzia.

Kwa asiyetujua: mimi ni muuguzi mstaafu, mume wangu, huyo Baba Asha, ni mwalimu mstaafu. Mwaka 1984 alipotoka chuo alipangiwa shule ya msingi mwambao wa Ziwa Nyasa, karibu na Liuli. Akakaa miaka mitatu, akahamishiwa kwetu Tanga, akanioa mwaka 1988. Miaka 35 nimelishwa hilo ziwa. Mawimbi yake marefu kuliko nyumba. Jabali lake lenye uso wa mtu. Vita Kuu ya Kwanza iliyopiganwa pale pale kijijini. Sasa mimi kazi yangu ilikuwa kupima. Mtu akiniambia ana homa kali, namwekea kipimo kwanza ndipo tuzungumze. Kwa hiyo mafao yangu yalipotoka na kila ndugu akaja na ushauri, huyu kuku wa mayai, yule bodaboda mbili, nikamwambia Baba Asha: kabla ya kuku, nipeleke nikalione hilo ziwa.

Siku ya 1, Jumatatu 10 Julai 2023. Muheza – Dar es Salaam

Mabegi mawili, hilo tulikubaliana. Alfajiri namkuta anafunga kiroba cha machungwa kwa kamba ya katani. Nikayahesabu: 40.

"Tunaenda na machungwa wapi, Baba Asha?"

"Nimeahidi."

Alimwahidi nani, hakusema. Basi 15,000 kwa kila mtu, na konda alitaka 5,000 ya kiroba, tukamalizana 3,000. Mbezi Luis tukashuka mchana, kisha daladala mbili hadi Mbagala kwa binti yetu Asha. Safari hiyo ya ndani ya jiji ilitumaliza nguvu kuliko ile ya kutoka Muheza, na sina zaidi la kusema juu yake.

Siku ya 2 na 3. Treni ya TAZARA, Dar – Mbeya

Niliwaza tutakaa dirishani wawili kama wachumba. Kumbe vyumba vya kulala wanawake wanawekwa kwao na wanaume kwao, labda mnunue chumba kizima. Daraja la kwanza chumba kina vitanda vinne, la pili sita. Sisi tulikata la pili, nauli haikufika 50,000 kwa mtu, basi Baba Asha akaenda behewa la mbele na kiroba chake na mimi nikabaki na wanawake. Wastaafu wenzangu mnaotaka kwenda na wake zenu, mjipange wanne mnunue chumba cha daraja la kwanza. Au mfanye kama sisi, mtengane. Baada ya miaka 35 si vibaya.

Chumbani kwetu kulikuwa na mfanyabiashara wa vitenge anayekwenda Tunduma, mama wa Ifakara anayetoka msibani, na binti mdogo mwenye mtoto wa miezi minane. Tiketi yangu ilikuwa kitanda cha juu. Yule mama wa vitenge alinitazama magoti, hata sikusema kitu, akatupa shuka lake juu. "Mama, chini ni kwako."

Tuliondoka alasiri. Jua lilipoanza kushuka tukaingia upande wa Hifadhi ya Nyerere, ile iliyokuwa sehemu ya Selous, na watu wote wakahamia madirishani. Simu ikaita.

"Umewaona twiga? Saba!"

Mimi niliona wawili. Picha yake, ninayo hapa, ina watatu na mti. Kabla sijamjibu mtandao ukakatika, na haukurudi wa maana hadi asubuhi. Kwa hiyo kama mna watu wa kuwaaga, waageni kabla ya Kisaki.

Usiku mtoto wa yule binti alichemka. Kipimo changu ninatembea nacho hata ustaafuni: 38.6. Tukamvua manguo mazito aliyofungwa, tukampangusa kwa maji ya uvuguvugu kutoka chupa ya chai ya mama wa Ifakara, akanyonya, akalala. Alfajiri ilikuwa 37.4. Mama wa Ifakara alikuwa ameshashuka usiku wa manane, ameniachia mchele kilo mbili kwenye mfuko wa rambo, chini ya mto, bila kuaga.

Reli ni njia moja, hivyo tulisimama muda mrefu kupisha treni ya mizigo. Mlimba tukanunua wali na kuku dirishani, 4,000, na ndizi mbivu shazi zima kwa 1,000. Kuanzia hapo treni inapanda milima kuelekea Makambako, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini Baba Asha alikataa tuchukue basi. Mahandaki yanafuatana, giza, mwanga, giza, na watoto wa daraja la tatu wanapiga kelele kila tukiingia. Halafu daraja la Mto Mpanga, ambalo ukichungulia chini unaona vilele vya miti mirefu kama nyasi. Wachina na watu wetu waliijenga reli hii, kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi kule Zambia, kati ya 1970 na 1975. Baba Asha alikuja behewani kwetu kunieleza hayo yote, akasimama mlangoni kama yuko ubaoni. Mama wa vitenge akaniuliza kwa sauti ya chini, "Huwa anapumzika?"

Makambako baridi ikaingia. Hii si baridi ya Lushoto ya kujifunika kitenge. Bebeni sweta, soksi na kofia, msichekelee Julai ya pwani.

Mbeya tulifika saa 4 usiku. Stesheni iko mbali na mjini. Mama wa vitenge aligoma tusipande bajaji ya yeyote, akampigia kijana anayemfahamu, akasubiri nasi kwenye kibaridi hadi alipofika, ndipo akashughulika na mizigo yake. Gesti 25,000, maji ya moto kwa ndoo.

Siku ya 4, Alhamisi 13 Julai. Mbeya – Tukuyu

Kosta kutoka Mbeya hadi Tukuyu, barabara ni lami yote, migomba kulia, chai kushoto, ukungu juu. Mchana tulikodi bajaji hadi Daraja la Mungu. Liko ndani ya eneo la Chuo cha Magereza Kiwira, kwa hiyo mtaulizwa mnakokwenda getini; semeni vizuri mtapita. Ni jiwe lililotanda juu ya Mto Kiwira kama mtu amelala kifudifudi, maji yanapita chini yake yanaunguruma. Baba Asha akasema mita 50. Nikamwuliza kijana wa pale, akacheka, akasema hajawahi kupima.

Nilijifunza maneno mawili ya Kinyakyusa: ugonile, ya kusalimia, na ndaga, ya kushukuru. Yalitufaa kuliko pesa. Mama mmoja wa sokoni Tukuyu, baada ya ndaga yangu ya kwanza, aliniongezea parachichi tatu juu ya nne nilizolipia, na kila moja ukubwa wa kichwa cha mtoto mchanga. Hilo nimelipima kwa macho ya kazini, si maneno ya Baba Asha.

Siku ya 5 hadi 7. Kyela – Matema

Kutoka Tukuyu barabara inateremka, na kila kilomita unavua nguo moja. Kyela tulifika tukiwa na nguo za pwani tena. Mchele wa Kyela ulikuwa umetoka kuvunwa. Harufu yake kwenye sahani inaingia chumbani kabla ya mpishi. Kyela hadi Matema tulipanda Noah kupitia Ipinda, watu kumi kwenye gari la saba, kiroba cha machungwa kikiwa mapajani mwa mzee mmoja aliyekataa kabisa kisiwekwe chini.

Hapo ndipo nilipoliona ziwa. Sikusema kitu. Baba Asha alikuwa ananitazama mimi, hatazami ziwa. Nikamwambia, "Limetulia." Akasema, "Leo."

Jumamosi tulitembea hadi Lyulilo, kijiji cha jirani, kwenye soko la vyungu. Wanawake wa Kikisi wanavileta kwa mitumbwi kutoka Ikombe, chini ya mlima, vimepangwa na kufungwa kwa nyasi. Vyeupe vya udongo, vimechorwa kwa rangi ya kahawia. Wanavifinyanga kwa mkono tu. Nilinunua kimoja cha kutosha mboga ya watu sita, 5,000. Baba Asha akaniuliza nitakifikishaje Muheza. Nikamwonyesha kiroba chake.

Kwa atakayekwenda: pangeni mfike Matema Ijumaa, maana soko ni Jumamosi na asubuhi. Na mwende na noti ndogondogo.

Jumapili tulikaa tu mchangani. Nadhani hiyo ndiyo siku niliyostaafu kweli.

Siku ya 8 hadi 10. Bandari ya Kiwira – Liuli

Tulirudi Kyela kuifuata meli kwenye bandari ya Kiwira. Jumatatu upepo. Wenyeji wanauita mwera, unatoka kusini na ukianza hauna adabu. Tukaambiwa kesho. Mama ntilie mmoja pale bandarini alitupa mkeka na kona ya banda lake, akanikatalia kulipa, ndipo Baba Asha akafungua kiroba kwa mara ya kwanza akampa machungwa matano. Nikaandika: 35. Yalikuwa yameanza kusinyaa.

Jumanne jioni tukapanda. MV Mbeya II inachukua abiria 200 na mizigo tani 200, na nilihisi wote tumo: magunia ya mchele, mabati, magodoro, kuku, na mbuzi mmoja aliyekuwa na tiketi au hakuwa nayo. Milima ya Livingstone inashuka moja kwa moja hadi majini, hakuna hata pa kuweka barabara, na kuna vijiji kule ambavyo njia yake ni ziwa. Ndiyo maana meli inasimama gizani mahali usipoona chochote. Unasikia kengele, unaona tochi moja, mbili, halafu mitumbwi inakuja ubavuni. Mama anapanda na mtoto mgongoni na kuku mkononi, nyuma yake godoro linapandishwa kwa kamba, chini mtu anapiga kelele "dawa za bibi zimekuja?", na juu mwingine anamrushia mfuko. Nilikaa nikiwatazama hadi usiku wa manane. Miaka yote niliyofanya kazi tulikuwa tunawasema kina mama wanaochelewa kufika hospitali.

Baada ya Lupingu mwera ukarudi. Sitaeleza sana. Nilitapika mchele wa Kyela wote. Kijana mmoja wa meli alinipa ndimu ninuse, akaniambia, "Mama, usitazame maji, tazama mlima." Lakini ulikuwa usiku, mlima nitauona wapi? Akaketi nami karibu saa nzima akinionyesha kwa kidole taa za wavuvi. Baba Asha alikuwa amenishika kiuno. Hakusema lolote kuhusu urefu wa mawimbi, na namshukuru.

Daftari la usiku ule lina neno moja: *Mungu*.

Siku ya 10 na 11, Jumatano 19 na Alhamisi 20 Julai. Liuli

Tulishuka miguu yangu ikiwa bado inayumba. Ufukweni kulikuwa na mzee anatengeneza mtumbwi, mvi kichwa kizima. Baba Asha alimsalimia, akauliza njia ya shuleni. Yule mzee akaweka tezo chini. Akamtazama. Akamzunguka.

"Mwalimu Machungwa!"

Mimi nikamtazama mume wangu. Mume wangu akatazama ziwa.

Ilitoka yote hapo hapo, mbele ya watu ambao sasa walikuwa wamejaa. Mwaka 1985, darasa la tatu, kijana wa Muheza mwenye upweke alikuwa akiwaambia watoto kwamba kwao kuna machungwa makubwa kama madafu, yanayoanguka mpaka watu wanayakanyaga njiani, na kwamba siku moja atawaletea. Walimwuliza kila Jumatatu. Alihamishwa mwaka 1987 bila kuleta hata moja. Kwangu mimi alikuwa Mwalimu wa ziwa, na kwao alikuwa Mwalimu wa machungwa. Kila upande alikuwa anauuza ule mwingine.

Akafungua kiroba. Yalibaki 29, mengine yameoza njiani. Yule mzee akachukua moja, akaligeuza kiganjani, akalipima na ngumi yake.

"Mwalimu, haya yamesinyaa safarini?"

Nilicheka hadi nikakaa mchangani. Baba Asha naye alicheka, lakini baadaye kidogo kuliko wengine. Machungwa yaligawanywa vipande kwa vipande, watoto, wajukuu, wapita njia, hadi ganda la mwisho.

Tulilala kwa yule mzee siku mbili. Mkewe alikataa hata kusikia neno gesti. Ugali wa muhogo na mbasa wa kuchoma, asubuhi uji na viazi vitamu. Nilijaribu kuacha pesa chini ya kikombe. Wakati wa kuondoka nilizikuta zimefungwa kwenye pindo la kanga yangu. Ule mchele wa mama wa Ifakara, kilo mbili, ndio walioupokea.

Sasa habari ya vipimo. Vita: nimemwomba radhi Baba Asha. Wakati wa Wajerumani Liuli iliitwa Sphinxhafen, na meli yao, Hermann von Wissmann, ilikuwa imepandishwa nchi kavu kutengenezwa. Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, ikatokea kutoka upande wa pili wa ziwa na kuipiga mizinga. Nahodha Mjerumani hakuwa na habari kwamba vita vimeanza. Inasemekana alitoka kwa mtumbwi kwenda kumfokea mwenzake Mwingereza, ambaye walikuwa wakinywa pamoja, akidhani ni utani wa ulevi. Hapo hapo nilipokaa na ganda la chungwa mkononi.

Jabali: nusu kwa nusu. Linaitwa Pomonda, limesimama majini, na wazee wanasimulia kwamba watu walikuwa wakijificha humo Wangoni walipokuja kuteka. Ukilitazama kutoka shuleni ni jiwe. Mzee alitupeleka kwa mtumbwi, na tulipofika upande mmoja, jua likiwa linashuka, mnyama akalala mbele yangu na uso wa mtu ameuinua. Tulipopiga kasia mara tatu mbele, likawa jiwe tena.

Nyumba aliyokaa haipo. Msingi tu, na mwembe. Alisimama pale bila kutoa simu. Ndiyo maana hakuna picha.

Siku ya 12 na 13. Mbamba Bay – Mbinga – Songea

Bodaboda mbili hadi Mbamba Bay, vumbi hadi kwenye kope. Mbamba Bay ni pazuri na watu wake hawana haraka. Vijana watawapeleka kwa mtumbwi kutazama samaki wa mapambo kwenye mawe, wa bluu na wa njano, maji maangavu kama ya kunywa. Kama miguu yenu ni mizima, kaeni siku mbili. Sisi tulilala moja.

Kutoka hapo hadi Mbinga ni kilomita 66 za lami zinazopanda kwa kona. Baba Asha aliyakumbuka malori ya miaka ile, siku nzima ya kusukuma. Sisi tulitumia muda wa kunywa chupa moja ya maji. Juu ni nchi ya Wamatengo. Milima yote imechongwa mashimo ya mraba, hayo ndiyo ngoro, wanalima kwenye kingo na shimo linashika maji na udongo usiende. Julai kahawa imeiva, inaanikwa kwenye vichanja hadi kando ya barabara. Nilinunua nusu kilo ya iliyokaangwa.

Siku ya 14, Jumapili 23 Julai. Songea

Makumbusho ya Majimaji. Tulikwenda baada ya chai tukidhani ni ya nusu saa. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga hapa watu 67 waliopigana katika Vita vya Majimaji, wakazikwa kaburi moja. Nduna Songea Mbano, ambaye mji umechukua jina lake, kaburi lake liko peke yake. Baba Asha alifundisha somo hili karibu miaka 37. Alisoma majina yote kwa sauti ya chini, mmoja mmoja, na sikumharakisha.

Siku ya 15, Jumatatu 24 Julai. Songea – Masasi, badala ya Mtwara

Basi saa 12 asubuhi. Baada ya Namtumbo likalia kama mbuzi, likasimama. Utingo akaingia chini, akatoka amepaka grisi, akarudi chini. Sitaitaja kampuni, na dereva alijitahidi. Tulikaa kijijini kwa muda wa saa tano nzima. Bibi mmoja alitoka na vigoda vitatu kwa ajili ya wazee, mimi nikageuka kutazama wazee ni akina nani. Kisha akatuletea mihogo ya kuchemsha na chumvi kwenye jani. Mjukuu wake alikuwa na kidonda mguuni. Nikakisafisha na kukifunga kwa vilivyomo kwenye begi langu, nikamwelekeza mama yake ampeleke zahanati.

Chungu kilikuwa kwenye kiroba, kimejazwa nguo za Baba Asha ndani na nje. Kila abiria aliyepita alitaka kukikalia.

Tunduru tukapita jua likiwa limeshaanza kushuka, mikorosho imeanza maua. Mtwara tukaikosa, tukalala Masasi, gesti 20,000, asubuhi tukaamka tumezungukwa na majabali ambayo usiku hatukuyaona. "Hili nalo lina uso," akaanza Baba Asha. Nikamwambia anywe chai.

Njia hii ya kusini kutoka Songea hadi baharini ni lami sasa, lakini basi likiharibika hakuna mji wa karibu. Maji, biskuti na dawa za presha viwe mkononi, si kwenye buti.

Siku ya 16 hadi 19. Mtwara – Dar

Mikindani tulitembea asubuhi moja, kuta za matumbawe, Boma la Wajerumani, na habari kwamba Livingstone alianzia hapo safari yake ya mwisho mwaka 1866. Pweza wa nazi 6,000 sahani. Niliposikia harufu ya bahari nikajua nimechoka.

Mtwara hadi Dar mchana kutwa. Daraja la Mkapa kwenye Mto Rufiji tulilipita nikiwa nasinzia. Baba Asha akaniamsha kunionyesha maji. Kabla ya mwaka 2003 hapo palikuwa na kivuko, na yeye anasema aliwahi kulala Ndundu siku tatu akisubiri. Siku tatu. Sikuuliza. Mbagala kwa Asha tulilala siku mbili, nikafua.

Siku ya 20, Jumamosi 29 Julai. Nyumbani

Jumla ya matumizi, watu wawili, siku 20: shilingi 1,386,500. Humo hamna tulivyopewa, na tulivyopewa ni vingi.

Muheza tulishuka saa 9 alasiri. Ufunguo tulimwachia jirani, Mama Zuhura. Tuliacha kuku saba, tukakuta saba na vifaranga tisa, ua umefagiwa, mtungi umejaa. Kiroba nilikifungua mwenyewe. Chungu kizima, hakina hata mkwaruzo. Shati moja la Baba Asha limetoboka.

Jioni ile Mama Zuhura akaja na mumewe na watoto, wakaketi barazani, chungwa mkononi kila mtu. Baba Asha akaanza na treni, twiga, daraja. Alipofika kwenye meli akanyamaza, akanigeukia, kwa sababu huko nyuma hapo ndipo nilipokuwa nikimkatiza.

Mama Zuhura akauliza, "Na hayo mawimbi anayoyasema siku zote, Mama Asha?"

Nikaitazama nyumba yetu, kuanzia msingi hadi paani.

"Yalipita bati," nikasema.

Baba Asha akakohoa kidogo, akaendelea kumenya chungwa lake.